Tarehe ya Kikaya na Habari za Enoch Olinga, Baba wa Ushindi

Wapo Kampala wanaosema kwamba nyumba ile yenye kuba la kijani juu ya kilima cha Kikaya, upande wa barabara ya Gayaza, ni mali ya Waajemi: ililetwa na Waajemi, na siku wakiondoka itabaki gofu. Neno hilo limesemwa mno, na kwa kuwa halijapata wa kulijibu, limekaa vinywani kama kweli. Tarehe hii imeandikwa kulijibu. Kwamba Waajemi walikuja, hatukatai, na tutawataja kwa majina na kwa heshima yao. Lakini aliyeichukua dini ya Kibahai kutoka Kampala akaifikisha pwani ya Atlantiki, akaipanda huko ikazaa, kisha akarudi kulala katika udongo wa Kikaya, alikuwa mtoto wa Teso: mwana wa katekista, askari wa zamani wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, mtu ambaye pombe iliwahi kumpiga mwereka. Jina lake ni Enoch Olinga, na cheo chake ni Baba wa Ushindi.

Vilima vya Kampala vilikwisha kugawanywa zamani. Namirembe ni kwa Waanglikana, Lubaga kwa Wakatoliki, Kibuli kwa Waislamu, Namungoona kwa Waothodoksi. Kila kilima kina mashahidi wake, wazee wake na waandishi wake, nasi hatuna la kuwaongezea. Kikaya kilikuja nyuma ya vyote.

Habari yake inaanza na Mzee Musa Banani. Mzee huyu alizaliwa Baghdad mwaka 1886, katika ukoo wa Kiyahudi wenye asili ya Uajemi, akaipokea dini ya Bahaullah, mwanzilishi wa imani ya Kibahai, alipokuwa kijana Tehran. Hakuwa mtu wa shule. Alikuwa mfanyabiashara aliyejipatia mali yake kwa jasho. Agosti 1951, umri wake ukiwa miaka 65, wakati ambao wenzake wanakaa barazani kuhesabu wajukuu, aliingia Kampala na mkewe Samiheh, binti yao Violette na mkwe wao Ali Nakhjavani. Pamoja nao alikuja Mwingereza, Philip Hainsworth. Wakati huo Wabahai wa Uingereza walikuwa wamebeba mpango wa miaka miwili wa kuifikisha dini yao Afrika. Bi Claire Gung alikuwa amekwisha kutangulia Tanga mwaka huohuo. Baadaye alihamia Kampala akafungua shule ya chekechea iliyopokea watoto wa kila rangi. Nakhjavani, kwa upande wake, alichaguliwa mwaka 1963 kuingia Nyumba ya Haki ya Ulimwengu, baraza kuu la Wabahai huko Haifa, akakaa humo miaka 40.

Jambo moja la Mzee Banani linastahili kukaliwa kitako. Kampala ya mwaka 1951 ilikuwa Kampala ya matabaka. Mzungu alikuwa na klabu yake, Mhindi duka lake, na Mwafrika mlango wake wa nyuma. Nyumbani kwa Banani Mwafrika aliingia kwa mlango wa mbele, akaketi kwenye kiti kilekile, akamiminiwa chai katika kikombe kilekile, na binti wa nyumba ndiye aliyemletea. Hakukuwa na mimbari wala kwaya. Wazee husema kwamba wengi walikuja kwa sababu ya ile chai kabla hawajasikia hata sala moja, na sisi hatuoni aibu kuliandika hilo. Mtu aliyezoea kusimamishwa uani, akiketishwa sebuleni amekwisha kuhubiriwa.

Desemba 1951 wakapatikana wawili wa kwanza, Mtoro mmoja na Muganda mmoja. Waganda hupenda kukumbusha kwamba wao walitangulia kabla ya Wateso, na wanasema kweli. Tunaendelea.

Enoch Olinga alizaliwa tarehe 24 Juni 1926 katika nchi ya Teso. Baba yake, Samusan Okadakina, alikuwa katekista wa Kianglikana, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye sauti ya Biblia na kengele ya kanisa. Mwaka 1941 vita vilimchukua. Aliingia jeshini katika kikosi cha elimu, kisha akapelekwa na KAR hadi nchi za mashariki, Burma, Ceylon na India, akarejea mwaka 1946. Vijana wengi wa Uganda walirudi kutoka vita vile na viatu na deni. Olinga alirudi na lugha. Husemwa alizijua sita. Aliandika kwa Kiteso, na serikali ikamtia kazini kuwa mfasiri katika idara ya habari na ustawi wa jamii.

Hapa wanaosimulia habari zake hawafichi jambo, nasi hatutalificha. Olinga alikunywa. Teso ni nchi ya ajono: chungu katikati, wazee kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, maji ya moto yakiongezwa na mazungumzo yakiendelea hadi jua kuzama. Kinywaji hicho kina adabu zake. Lakini pombe ya mjini ni nyingine. Haina mzee wa kumwambia kijana kwamba imetosha, na askari waliotoka vitani walikuwa na mengi ya kusahau. Ikafika mahali pombe ikamgombanisha na kazi yake, na kazi ikamtoka. Mfasiri wa lugha sita akawa anazunguka Kampala bila ajira.

Katika hali hiyo ndipo alipopelekwa kwa kina Banani na Nakhjavani. Aliuliza maswali mengi, na yamkini lile lililomkaa moyoni zaidi lilihusu kinywaji, maana dini hii haimruhusu mfuasi wake hata tone la pombe. Angeweza kuondoka. Februari 1952 alikubali, akawa wa kwanza katika Wateso, na tangu siku hiyo hakutazama nyuma. Aliyekuwa akilala kilabuni akawa anaamka kabla ya alfajiri kusali.

Ni lazima tueleze alichofundishwa, kwa kuwa wengi wanaoishi chini ya kilima cha Kikaya hawakijui. Mbahai husali kila siku sala ya faradhi akielekea kaburi la Bahaullah lililoko Bahji, karibu na Akka. Kila siku hukaa kitako akataja jina la Mungu mara 95. Mwezi Machi hufunga siku 19, toka macheo hadi machweo. Kila siku hutakiwa kujihesabia matendo yake mwenyewe kabla hajahesabiwa. Hana padri wa kumwombea wala sheikh wa kumwongoza sala. Mambo ya jamii yao huongozwa na baraza la watu tisa wanaochaguliwa kwa kura ya siri, bila kampeni. Kazi yote imewekwa ndani ya mtu. Bahaullah, alipokuwa uhamishoni Baghdad, aliandika katika Kitabu cha Iqan juu ya iksiri ya Mungu inayogeuza shaba ya nafsi kuwa dhahabu, na wanafunzi wake wakaelewa kwamba tanuri ni kifua chao wenyewe.

Hapa tuiache Kampala kidogo, maana lipo la ajabu, linalofanana na habari za Olinga na za tanuri hiyo, ambalo mwandishi huyu hawezi kulipita.

Nchini China, miaka 800 na ushei kabla ya Olinga, katika mkoa wa Shaanxi, alikuwepo mtu aitwaye Wang Chongyang. Aliingia katika mambo ya kijeshi akiwa kijana, cheo kikamkwepa, akaishia kwenye mvinyo. Mwaka 1159, mjini Ganhe, akiwa katika duka la mvinyo, alikutana na watu wa ajabu ambao wanafunzi wake walisema ni waliokwisha kuvuka mauti, nao wakamfundisha. Akachimba shimo kama kaburi, akalipa jina la kaburi la mfu aliye hai, akaishi humo miaka akijichunguza. Mwaka 1167 alikichoma kibanda chake kwa mkono wake, majirani wakakimbilia kuzima wakamkuta anacheza kando ya moto, kisha akaondoka kwa miguu kwenda Shandong, mashariki mwa nchi. Huko alipata wanafunzi saba, na mmoja wao mwanamke, Sun Bu'er. Akafa mwaka 1170. Ndiye mwanzilishi wa Quanzhen, njia kubwa ya watawa wa Kitao hata leo.

Alifundisha kimia, yaani alkemia, ya ndani. Kabla yake Wachina wengi walikuwa wakipika zebaki na risasi wakitafuta kidonge cha kutokufa, na wafalme kadhaa wa ukoo wa Tang walikufa kwa vidonge hivyo hivyo. Wang na wenzake wakasema: acheni chungu cha nje. Tanuri ni mwili. Kinachopikwa ni vitu vitatu, nguvu ya uhai, pumzi na roho, na moto wake ni utulivu wa moyo. Mvinyo, tamaa, mali na hasira huuzima moto huo. Mwanafunzi wake, Qiu Chuji, aliitwa na Genghis Khan. Akasafiri uzeeni kutoka Shandong hadi milima ya Hindu Kush, akamfikia mwaka 1222. Khan, ambaye mbele yake hakuna aliyethubutu kusema la, alimtaka dawa ya kuishi milele. Mzee akamjibu wazi kwamba njia za kuutunza uhai zipo, dawa ya kutokufa haipo. Khan hakumkata kichwa. Alimheshimu.

Sasa mpime huyu Wang na yule Olinga. Huyu askari, yule askari. Huyu cheo kilimponyoka, yule kazi ya serikali ilimponyoka. Huyu mvinyo, yule pombe. Huyu alikutana na walimu wake dukani, yule sebuleni kwa Mzee Banani. Kila mmoja aliacha kinywaji, akaondoka kwenda nchi ya mbali asikojulikana, akapata wanafunzi wachache walioiendeleza safari yake. Hatusemi dini zao ni moja. Watao hawamtaji Mungu mmoja kama Wabahai, wala Wabahai hawapiki pumzi. Tunasema kwamba Kampala imewahi kumzaa mtu wa daraja hilo, na watu wanapita chini ya kaburi lake wakiuliza bei ya ndizi.

Turudi kwenye tarehe.

Aprili 1952 Kampala ikachagua Baraza lake la kwanza la Kiroho. Mwaka huohuo, mwezi Februari, Mzee Banani alikuwa ameteuliwa na Shoghi Effendi, Mlinzi wa dini huko Haifa, kuwa Mkono wa Amri ya Mungu, cheo ambacho juu yake hakukuwa na kingine mtu wa kawaida alichoweza kupewa katika dini hiyo. Olinga naye alirudi kwao Teso, akawakuta jamaa zake pale alipowaacha, chini ya mwembe na kwenye chungu, akawaeleza yaliyompata. Walimwona hanywi. Ushahidi mwingine haukuhitajika. Wateso wakaingia kwa makundi, familia baada ya familia.

Februari 1953 ukafanyika Kampala mkutano mkubwa, wa kwanza kati ya mikutano minne ya mabara ya mwaka ule. Chicago, Stockholm na New Delhi zilifuata nyuma ya Kampala, na hilo Waganda na Wateso wanaweza kulisema bila kukohoa. Zaidi ya Waafrika 100 walihudhuria, wa makabila zaidi ya 30, hali dini yenyewe ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu Uganda. Ulitangazwa mpango wa miaka kumi wa kuifikisha dini kila nchi isiyokuwa nayo, na yeyote atakayefungua nchi mpya angeandikwa katika orodha ya mashujaa wa Bahaullah.

Agosti 1953 gari aina ya Peugeot likatoka Kampala kuelekea magharibi. Ndani walikuwamo Nakhjavani na mkewe Violette, Olinga, na wananchi wengine wawili wa Uganda. Walikata Kongo ya Wabelgiji, mmoja akashuka huko. Wakaingia Afrika ya Wafaransa, mwingine akabaki Brazzaville. Waliobaki wakaingia msituni. Anayeijua barabara ya msitu wa ikweta wakati wa mvua hahitaji kuelezwa. Gari lilizama, likakwama, likagoma.

Wazee wanasimulia kwamba Olinga alijitolea kwenda kwa miguu kutafuta msaada, peke yake, maili nyingi, katika msitu ambao hakuujua wala haukumjua. Njiani aliugua. Alilala akiwa amekata tamaa, akilia, na katika usingizi akamwona Shoghi Effendi, ambaye hakuwa amewahi kukutana naye, akimnyanyua na kumtia mikononi mwake. Akaamka mzima, akafika, msaada ukapatikana. Kuna wenye kuuliza ushahidi wa ndoto. Sisi tunajibu kwamba ushahidi ni kufika: tarehe 15 Oktoba 1953 Olinga aliingia Kameruni ya Waingereza, na jina lake likaingia katika orodha ya mashujaa.

Nakhjavani na mkewe waligeuza gari wakarudi Kampala. Olinga akabaki Victoria, mji ambao leo unaitwa Limbe, chini ya mlima wenye volkano, hana ndugu, hajui lugha ya watu wale. Fikiria hali hiyo, kisha tazama yaliyotokea. Katika miezi michache ya kwanza alipata waumini wa kutosha kiasi kwamba, mwanzo wa mwaka 1954, vijana watano kati yao walijitolea kuondoka wenyewe: David Tanyi akaenda Togo ya Wafaransa, Edward Tabe Togo ya Waingereza, Benedict Eballa nchi ya Ashanti, Martin Manga kaskazini mwa Gold Coast, na Samuel Njiki Kameruni ya Wafaransa. Wote watano wakaandikwa mashujaa. Mwalimu mmoja kutoka Teso, wanafunzi watano, nchi tano, na mwaka wake wa kwanza ugenini haujaisha. Kwa hilo Shoghi Effendi alimpa jina la Abul-Futuh, yaani Baba wa Ushindi. Wafalme wamepewa majina ya namna hiyo kwa kuteka miji. Yeye alipewa kwa kutokuteka hata kijiji.

Mwaka 1956 mabaraza manne makubwa yaliundwa barani Afrika. La Afrika ya Kati na Mashariki liliwekwa Kampala, na la Kaskazini Magharibi, makao yake Tunis, likamchagua Olinga kuwa mwenyekiti. Mteso akaongoza kikao cha Waarabu, Waajemi na Wazungu katika nchi ya Kiarabu. Februari 1957 alikwenda Haifa kuhiji, akamwona kwa macho yule aliyemwona ndotoni. Oktoba mwaka huohuo barua ikatoka ikiwateua Mikono wapya wa Amri ya Mungu, na jina la Olinga lilikuwamo. Alikuwa na miaka 31, mdogo kuliko wote, na Mwafrika mweusi pekee. Tarehe 4 Novemba Shoghi Effendi akafariki London. Kama barua ile ingechelewa mwezi mmoja, cheo hicho kisingetolewa tena, kwa kuwa baada yake hakuna mwenye mamlaka ya kukitoa. Mikono 27 waliokuwa hai wakaishika dini hadi mwaka 1963, na mmoja wao alikuwa wetu.

Sasa habari ya kuba la kijani, ambalo ndilo chanzo cha ugomvi wote huu.

Nyumba hii haikuwa ya Kampala kwanza. Shoghi Effendi aliikusudia Tehran. Lakini mwaka 1955, katika mwezi wa Ramadhani, Sheikh Falsafi alihubiri redioni dhidi ya Wabahai siku baada ya siku, na askari wa serikali wakapanda juu ya makao yao makuu ya Tehran wakaanza kulibomoa kuba lake kwa sururu. Kujenga huko hakukuwezekana tena. Shoghi Effendi akatangaza kwamba hekalu litajengwa Kampala, liwe faraja kwa waliodhulumiwa. Wanaosema Waajemi walitujengea wamesahau nusu ya habari: Waajemi walinyimwa kujenga kwao, na Uganda ndiyo iliyowapa mahali. Mgeni na mwenyeji katika jambo hili ni nani, msomaji aamue.

Ramani ilichorwa na Charles Mason Remey. Tarehe 26 Januari 1958 Ruhiyyih Khanum, mjane wa Shoghi Effendi, aliweka jiwe la msingi, na chini yake vikawekwa udongo kutoka kaburi la Bahaullah na kipande cha lipu kutoka ngome ya Mah-Ku, alikofungwa Bab, mtangulizi wa Bahaullah. Msingi umeshuka mita tatu ardhini kwa sababu ya matetemeko ya nchi yetu. Jengo limepanda mita 39 na ushei. Vigae vya kuba vilitoka Italia, vya paa la chini Ubelgiji, vioo vya rangi Ujerumani. Lakini mawe ya kuta ni ya Uganda, na mbao za milango na mabenchi ni za Uganda. Januari 1961 likafunguliwa, miezi minane kabla ya lile la Sydney. Kwa miaka 60 lilikuwa pekee Afrika nzima, mpaka Matunda Soy kule Kenya walipofungua la kwao mwaka 2021 na Kinshasa mwaka 2023.

Aingiaye leo atakuta milango tisa, na kila mlango ni wa mbele, kama kwa Mzee Banani. Hamna picha, sanamu wala mimbari. Mahubiri hayaruhusiwi, wala chombo chochote cha muziki. Sauti ya binadamu tu. Kwaya ikiimba bila ngoma, mtu wa Kampala aliyezoea vipaza sauti vya makanisa ya Jumapili hushtuka kusikia pumzi ya mwimbaji kabla ya neno. Husomwa Biblia, husomwa Kurani, husomwa maandiko ya Bahaullah, na msomaji haongezi lake. Nje ni bustani, katika eneo la ekari 50 ambalo halina uzio wa dini: Mkatoliki hupumzika chini ya mti uleule anaosalia Mwislamu.

Mzee Banani alifariki Kampala tarehe 4 Septemba 1971, akazikwa Kikaya. Alikwisha kukatwa mguu, mwili umemwisha, na bado hakutaka kurudishwa alikotoka.

Olinga wakati huo alikuwa amekwisha kuzunguka dunia, Amerika ya Kusini, Asia na visiwa vya Pasifiki, akarejea kukaa nyumbani. Waliomsikia hukumbuka kicheko chake kabla ya hotuba zake. Lakini Uganda ya Idi Amin haikuwa nchi ya kicheko. Septemba 1977 Amin alipiga marufuku dini na madhehebu 27, na Wabahai walikuwamo. Milango tisa ikafungwa. Olinga hakukimbia. Alibaki na waumini wake, akatii amri ya serikali kama dini yake inavyotaka, akalitazama hekalu lisije likaharibiwa. Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wakombozi, Amin akatoroka, na hekalu likafunguliwa.

Kufunguliwa hakukuleta amani. Rais Lule alitawala siku 68, akaja Rais Binaisa, na usiku wa Kampala ukawa wa wenye bunduki. Watu waliuawa majumbani, madaktari, wafanyabiashara, na wasiokuwa na lolote. Usiku wa tarehe 16 Septemba 1979 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Olinga wakamwua, yeye na mkewe Elizabeth, na watoto wao watatu, Badi, Lennie na Tahirih. Alikuwa na miaka 53. Waliofanya hivyo hawakufikishwa mbele ya hakimu. Watano hao walizikwa Kikaya tarehe 25 Septemba, karibu na Mzee Banani.

Tukusanye basi. Mzee Banani aliketisha watu sebuleni, na kwa hilo ana haki ya jina la mwanzilishi. Nakhjavani aliendesha gari. Bi Gung alifundisha watoto. Mawe ni ya Uganda, vigae ni vya Ulaya, ramani ni ya Mmarekani. Hayo yote tumeyaandika. Lakini Kampala isingekuwa zaidi ya kituo kimoja kati ya vingi, lau mfasiri mmoja wa Teso asiyekuwa na kazi asingeiacha chupa Februari 1952 na kupanda Peugeot mwaka uliofuata. Katika jambo hili Uganda haikupokea tu, ilituma. Togo, Ghana na Kameruni wanalijua hilo na wanalitaja. Ni sisi wa nyumbani tunaoendelea kusema habari za Waajemi.

Kwa hiyo, msomaji, ukimpandisha mgeni Kikaya usimwonyeshe kuba peke yake. Mpitishe makaburini, umsomee jina la Enoch Olinga. Na kama una mzee Soroti, Ngora au Kumi aliyeingia dini hii katika miaka ile ya 1952 na 1953, kaa naye uandike majina ya vijiji na ya watu waliotangulia, maana tarehe ya Teso yenyewe bado haijaandikwa.